Maswali Yenu: Kusalimu amri, kujisalimisha na kusarenda

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Kakamega. Tulikuwa matangani wazee wakaanza ubishi juu ya Koitalel arap Samoei, yule kiongozi wa Wanandi. Mmoja anasema alikuwa ameshasalimu amri kwa Wazungu ndio wakamuua, mwingine akakataa kabisa akasema alienda kuongea tu. Nani ako sawa?

JIBU: Aliyekataa ndiye ako sawa, na tafadhali mkikutana tena mwambieni huyo mwingine, maana hii stori ikisemwa vibaya inamnyima Koitalel heshima yake. Koitalel hakusalimu amri. Wanandi walikuwa wamewasumbua Waingereza miaka kumi hivi, reli ikipita kwao kuelekea Kisumu wanang'oa vyuma na waya za simu, na walikuwa bado wako na silaha na wapiganaji wao. Tarehe 19 Oktoba 1905 akaitwa mkutano wa kuongea amani na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, na hapo hapo kwa mkutano akapigwa risasi, yeye pamoja na watu aliokuja nao. Meinertzhagen alichunguzwa na wenzake akasafishwa, halafu baadaye akaondolewa Kenya. Mimi nikisoma hiyo habari mpaka leo naumia.

Sasa shikeni tofauti. Mtu akisalimu amri ameweka silaha chini, amekubali aliyemshinda ndiye atatoa masharti, na kuanzia hapo yeye ni mateka, hapigwi wala hauawi. Mtu anayekuja kuongea bado ni adui kamili, nyuma yake kuna jeshi, anaweza kukataa masharti arudi kwake vita viendelee, ila njiani anakuja na njiani anarudi haguswi. Wote wawili wanalindwa lakini kwa sababu tofauti. Na msiambiwe zamani hakukuwa na sheria, mkataba wa The Hague wa 1899 ulikuwa umeshaandika kwamba ni marufuku kumuua aliyesalimu amri, na kwamba anayetumwa na bendera nyeupe kuongea haguswi. Ubaya ni kwamba mataifa makubwa yaliandikiana hizo sheria yenyewe kwa yenyewe, na watu kama Wanandi hawakuhesabiwa ndani.

Kuna pia kuzidiwa nguvu, ambayo si kusalimu amri. Wabukusu pale Chetambe karibu na Webuye mwaka 1895 walivamiwa kwa bunduki ngomeni mwao, ngome ikaanguka, huwezi kusema eti walijitoa. Halafu kuna kusitisha vita, pande zote zinaacha kupigana mahali zilipofika. Tarehe 11 Novemba 1918 ndio vita vilisitishwa Ulaya, lakini jenerali wa Wajerumani upande wetu huu, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa bado anazunguka na askari wake Rhodesia ya Kaskazini, habari ikamfikia siku kadhaa baadaye na yeye akasalimu amri rasmi tarehe 25 Novemba pale Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, Zambia. Kwa hivyo kati ya kusitisha na kusalimu kulikuwa na wiki mbili nzima, na hizo wiki mbili kuna mababu zetu wa Nyanza na Magharibi, wale wa Kariakoo waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, walikuwa bado porini na mizigo kichwani.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama hapa Lanet, Nakuru. Kijana wangu anatafutwa na polisi juu ya fujo ilitokea kwa baa, anasema hakuwa. Chifu ameniambia nimlete ajisalimishe. Ndugu zangu wanasema akienda ni kama amekubali makosa. Nifanye nini?

JIBU: Mama, pole sana, najua hulali. Ndugu zako wanakupenda lakini hapo wamekosea. Kujisalimisha kwa polisi ni kuonyesha tu kwamba hutoroki sheria, si kukiri. Kukiri ni kitu kingine kabisa na kijana wako hawezi kulazimishwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, inampa mtu aliyeshikwa haki ya kunyamaza, haki ya kuongea na wakili, haki ya kuambiwa mara moja na kwa lugha anayoelewa kwa nini ameshikwa, na haki ya kufikishwa kortini kabla ya masaa 24 kuisha, na kama hayo masaa yanaishia wakati korti imefungwa basi ni siku ya korti inayofuata. Pia kuna dhamana ama bondi, mpaka kuwe na sababu nzito ya kumnyima. Na kama kosa lenyewe adhabu yake ni faini tu ama kifungo kisichozidi miezi sita, hiyo katiba inasema asiwekwe rumande.

Sasa vile ningefanya kama ni wangu. Asiende peke yake usiku. Nenda naye asubuhi, siku ya kazi, si Ijumaa jioni, na mkiweza muwe na wakili, mkikosa wakili basi mzee wa heshima ama pasta anayejulikana, mtu atakayeona na kukumbuka. Akifika aseme jina lake na kwamba amesikia anatafutwa, habari iandikwe kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na nyinyi mchukue hiyo namba. Maelezo ya ile siku ya fujo angoje wakili. Na kama kuna watu waliokuwa naye mahali pengine hiyo jioni waanze kutafutwa leo, si mwezi ujao wakati wamesahau.

Tena Mama, akijileta mwenyewe hilo linamsaidia kortini wakati wa kuomba dhamana, maana swali kubwa hakimu anajiuliza ni kama huyu mtu atarudi. Akipatikana amejificha kwa shangazi yake, hilo swali limeshajibiwa vibaya.

SWALI: Mimi ni kijana wa Webuye. Kanisani tunaambiwa kila mara tujisalimishe kwa Mungu. Dadangu ameshika hilo neno mpaka ameacha dawa za presha, anasema ameshamwachia Mungu yote. Je, ndio maana yake?

JIBU: Hapana ndugu yangu, na dadako arudi kliniki wiki hii, kama anaweza kesho aende kesho. Presha ikikaa juu bila dawa inaleta kiharusi, inaharibu moyo na figo, na mara nyingi haimwonyeshi mtu dalili yoyote mpaka imeshamwangusha, hiyo ndio sababu anajisikia mzima saa hii.

Juu ya imani, kujisalimisha ni kukubali mapenzi ya Mungu yawe juu ya yako. Kwa Waislamu hata jina la dini yao lina hiyo maana ya kujisalimisha kwa Mungu, na bado Muislamu anaswali, anafunga, anatoa zaka, anaenda hospitali. Kwa Wakristo tunaona Yesu pale Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke, ndipo akasema mapenzi ya Baba yatendeke, kisha akainuka. Hakuna mahali hapo pameandikwa mtu akunje mikono. Alichofanya dadako kinakaribia kukata tamaa, hata kama yeye anakiita imani, na mimi naogopa kuna kuchoka ndani yake ambako hajawaambia. Keti naye umuulize pole pole, usimbishie.

SWALI: Ni mwalimu hapa Kondele, Kisumu. Niko na bima ya maisha nimelipa miaka minne, karo imenibana, ajenti anasema naweza kusarenda nipewe pesa. Nikubali?

JIBU: Mwalimu, usitie sahihi bado. Kusarenda bima ni kuivunja kabla ya wakati, kampuni inakupa pesa kidogo na wewe unaachilia kinga yote, ukifa kesho watoto hawapati kitu. Bima nyingi za aina hiyo hazina pesa ya kusarenda mpaka umelipa kama miaka mitatu, kwa hivyo wewe pengine umevuka, lakini miaka ya kwanza kwanza hiyo pesa huwa chini sana ya ile umelipa, sababu gharama na komisheni zilikatwa mwanzoni.

Uliza vitu viwili kabla. Kwanza, unaweza kukopa juu ya hiyo bima? Nyingi zinaruhusu, unalipa na riba na bima inabaki yako. Pili, wanaweza kuisimamisha ilipofika, usilipe tena, ibaki na kiasi kidogo cha kulipwa mwishoni? Omba jibu kwa maandishi kutoka kwa kampuni yenyewe, likiwa na shilingi ngapi kwa kila njia, usichukue neno la ajenti kwa simu. Wakikuzungusha peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima nchini, ile inaitwa IRA, na uambatanishe hayo maandishi.