Usianze huduma kabla mkeo hajaweza kumpeleka mtoto hospitali bila wewe

Mtumishi unayejiandaa kwenda ng'ambo na familia kama mmishenari, soma tena sentensi uliyoiandika mwenyewe ulipotuomba ushauri hapa: "Nitaanza kuhubiri kwa mkalimani mara tutakapofika, na mke wangu atatulia nyumbani na watoto watatu huku akiokota lugha taratibu." Umeuliza kuhusu mizigo, shule ya watoto, vibali vya kuishi na jinsi ya kuandika barua za maombi kwa makanisa yatakayowategemeza, lakini kuhusu sentensi hiyo hukuuliza chochote, kana kwamba jambo limekwisha kuamuliwa. Mimi niliandika maneno yaleyale katika fomu ya shirika lililotutuma ng'ambo, nayo yalinigharimu muhula mzima wa utumishi na kunipeleka karibu sana na kupoteza ndoa.

Neno hilo "kuokota" sikulibuni mimi. Tulipewa na mzee mmoja wa shirika katika semina ya maandalizi ya wiki mbili, ambamo kipindi cha wake wa wamishenari kilidumu saa moja na robo, pamoja na chai. Mke wangu alipouliza atasoma lugha wakati gani, mzee alicheka kwa upole na kusema kwamba akina mama huokota lugha sokoni, asiwe na wasiwasi. Kinachookotwa ni kuni, ndugu yangu. Lugha hufundishwa, tena kwa jasho. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba mzee huyo alitumika miaka yake yote akiwa na mkalimani pembeni, na kwamba mkewe alirudi nyumbani mapema kwa sababu ambazo hazikutajwa katika semina. Nimekwisha kumsamehe, angalau siku za Jumapili.

Basi tulifika, nami nikapewa mwalimu wa lugha kwa saa nne kila asubuhi, kwa sababu mimi ndiye "mmishenari", ilhali mke wangu alibaki na watoto watatu katika nyumba ambayo hata fundi wa maji akibisha hodi hakujua amjibu nini. Ili kumsaidia, nilimfundisha sentensi moja kamili ya kuwajibu wageni: "Mchungaji hayupo, njoo kesho." Niliona nimefanya jambo la busara.

Mwezi wa kumi na sita nilikwenda kufundisha wazee wa kanisa mahali palipokuwa mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani, na usiku wa pili mtoto wetu wa mwisho akapata homa kali na degedege. Mke wangu alimbeba hadi hospitali. Alitaka kueleza kwamba mtoto ana dawa moja ambayo mwili wake hauikubali, kwamba degedege lilidumu kwa dakika kadhaa, na kwamba halikuwa la kwanza, lakini hakuwa na neno hata moja kati ya hayo. Muuguzi alimuuliza maswali mfululizo, kwanza polepole, kisha kwa sauti kubwa, kama watu wanavyofanya wakidhani kelele hutafsiri. Kwa hofu, sentensi pekee iliyomtoka ilikuwa ile niliyomfundisha: "Mchungaji hayupo, njoo kesho." Aliirudia mara tatu, mtoto akiwa mikononi mwake, hadi alipopewa karatasi akachora chupa ya dawa na kuikata kwa msalaba.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Niliporudi mke wangu hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Aliniambia tu kwamba ameishi katika nchi hii miezi kumi na sita na hajui neno "kupumua". Wiki hiyohiyo barua yangu ya maombi ilikwenda kwa makanisa ikiwa na picha ya wale wazee wa kanisa wakitabasamu na maneno kwamba Bwana ametufungulia mlango mkubwa. Miezi sita baadaye tulifungasha na kurudi, yeye akiwa hawezi tena kulala usiku, mimi nikiwa na msamiati mzuri sana wa theolojia.

Usidhani kwamba mke wangu alikuwa mvivu au hana kipaji. Anayeshinda nyumbani na watoto wadogo huzungumza lugha ya nyumbani kutwa nzima, na kila mara mume anapomtafsiria, haja ya kujua hupungua na aibu ya kutojua huongezeka. Watoto nao hujifunza kwa kucheza, wakampita mama yao ndani ya miezi michache, na hapo mamlaka ya nyumba huanza kugeuka. Binti yetu wa miaka minane alimsomea mama yake barua kutoka shuleni akiruka kwa ustadi aya iliyosema kwamba yeye mwenyewe ameadhibiwa. Tulicheka wakati ule, ingawa mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Wala jambo hili si geni. William Carey, mmishenari Mwingereza, alifika Bengal, nchini India, mwaka 1793 pamoja na mkewe Dorothy, ambaye hapo mwanzo alikuwa amekataa kusafiri. Mwaka uliofuata mtoto wao Peter akafa kwa kuhara damu, na mama yake akapoteza utulivu wa akili hadi kifo chake mwaka 1807. Katika miaka hiyohiyo Carey alizama katika lugha, na Agano Jipya la Kibengali likachapishwa mwaka 1801. Sisemi kwamba mwalimu wa lugha angemponya Dorothy, lakini siwezi tena kusoma habari za tafsiri ile bila kufikiria mtu aliyekuwa upande wa pili wa ukuta. Sasa mtazame Ann Judson, mmishenari Mmarekani aliyefika Burma (leo Myanmar) na mumewe Adoniram mwaka 1813 na kujifunza Kiburma sambamba naye. Adoniram alipotiwa gerezani mwaka 1824, Ann ndiye aliyekwenda kwa wakubwa mmoja baada ya mwingine kumwombea, akiwa mjamzito, kisha akiwa na mtoto mchanga. Ebu jiulize angewaambia nini iwapo angekuwa na sentensi moja tu, tena ya kwamba mchungaji hayupo.

Kwa hiyo weka katika bajeti ya kutegemezwa malipo ya mwalimu wa pili tangu sasa, kabla hujaanza kuzunguka makanisani, kwa maana fedha hiyo ni ngumu kuiomba ukiwa umekwisha kufika. Asubuhi asome mmoja, mwingine akae na watoto. Mchana mbadilishane, na saa ziwe sawasawa, si "akipata nafasi". Mwambie msimamizi wako kwa maandishi kwamba mwaka wa kwanza huna mimbari, huna semina wala mkalimani. Akikuambia kwamba makanisa yanataka kuona matunda, mwulize kama yatapenda kuona familia ikirudi kabla ya miaka miwili. Siku mkeo atakapompeleka mtoto hospitali peke yake, akaeleza ugonjwa, akaelewa majibu na kurudi na dawa sahihi, hapo ndipo uanze huduma. Ikichukua miezi ishirini, basi ni ishirini. Siku ya Pentekoste, mitume waliponena lugha wasizojifunza, haikurudiwa sebuleni kwangu, na sioni kwa nini irudiwe kwako.

Kuhusu mizigo, punguza nusu. Kuhusu vibali, uliza mapema kama kibali cha mke kinamruhusu kufanya kazi, kwa sababu mara nyingi hakimruhusu. Mengine uliyouliza nimeyasahau, na ujumbe wako uko juu sana kwenye ukurasa huu, siwezi kurudi kuyatafuta. Leo jioni mwulize mkeo, bila kumsaidia jibu, anaogopa nini zaidi katika safari hii, kisha urudi hapa utuandikie alivyosema yeye na si unavyodhani wewe.