Jibu: Gogo la mtumbwi linapasuka nchani

Habari ndugu. Unasema gogo limeanza kupasuka nchani na bado hujamaliza kulichimba. Angalia kwanza linapokaa: ncha hukauka upesi kuliko katikati, na ufa huanzia hapo. Lisogeze kivulini leo, ncha zipake nta au rangi nzito, na kila unapoweka tezo (kifaa cha kuchongea mbao) chini lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa. Usingoje likauke, mti mbichi ndio unaochongeka. Unene wa ubavu usiukisie: toboa kwa keekee kutoka nje vitundu vya kina kimoja, sawa na unene unaoutaka, pigilia humo vijiti vyeusi, kisha chimba ndani mpaka uvione. Ufa mwembamba utazibika kwa kalafati, yaani nyuzi za kuzibia nyufa za chombo. Ufa ukiwa umeingia ndani sana, mimi ningekata ncha hiyo nikachonga mtumbwi mfupi.