Maswali ya Wasomaji: Kabla hamjashika jembe, nendeni kwanza kwa wanaogawa chakula

SWALI: Habari za leo ndugu mwandishi. Sisi ni majirani kama 20 hivi, tunaishi mjini, manispaa imeturuhusu kutumia kiwanja kilichokaa wazi miaka mingi, zamani palikuwa na gereji. Tunataka tupande miti ya matunda na mavuno yaende kwa kituo kinachogawa chakula bure mtaani kwetu. Shida ni kwamba kila mtu ana mti wake anaoupenda, grupu letu limejaa mabishano. Tuanzie wapi? (Jirani Mwenye Jembe)

JIBU: Jirani, hongereni sana, na hayo mabishano yasikutishe, ni dalili kwamba watu wanaujali mradi. Ila mi ningeomba jembe lisubiri kidogo. Chagueni watu wawili waende kituoni wakaonane na yule anayepokea mizigo, yaani si lazima mkubwa wa kituo, namaanisha yule anayefungua mlango asubuhi na kupanga vitu mezani, wamuulize mnagawa siku gani, friji mnayo au hamna, wanaokuja wana pa kupikia au wengine hata kisu hawana, wazee wenye shida ya meno ni wengi kiasi gani, na mwezi upi matunda huwa hayaonekani kabisa. Majibu ya huyo mtu ndiyo yatakayowachagulia miti, na nusu ya mabishano yataisha hapohapo.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu bustani nyingi hupandwa kwa kufikiria siku ya kupanda, halafu siku ya mavuno inakuta watu hawajajipanga. Ukipanda miti 15 ya aina moja, yote inaiva wiki moja, kituo kinazidiwa, matunda yanaoza, na miezi mingine yote hamna kitu. Changanyeni aina za mapema, za katikati na za mwisho wa msimu. Afu angalieni tunda lenyewe linavumilia kiasi gani. Forosadi na tini ni tamu mno ila hazisubiri, ukichuma asubuhi jioni zimeshalegea. Peasi ni kinyume chake, linachumwa likiwa gumu bado na kuivia ndani ya nyumba, ukiliacha liive mtini linaanza kuharibika katikati huku nje linaonekana zima. Parachichi nalo haliivi likiwa mtini, linalainika baada ya kuchumwa. Matunda ya namna hii yanawapa wagawaji siku kadhaa za kupumua, na kwa kituo kisicho na friji siku hizo ndizo zinaamua kama tunda litafika kwa mtu au litaishia kwenye pipa.

Nunueni miche iliyobebeshwa, yaani kijiti cha mti mzuri kimeunganishwa kwenye shina la mti mwingine, msipande mbegu. Tufaha lililobebeshwa kwenye shina la kimo kifupi linaweza kuanza kuzaa mwaka wa 2 au wa 3, la mbegu litawasubirisha miaka mingi na tunda halitafanana na la mama yake. Na mti mfupi unachumika ukiwa umesimama chini, bila ngazi ndefu, kwa hiyo hata wazee na watoto wa mtaa wanashiriki. Kumbukeni pia kwamba matufaha mengi hayazai vizuri bila aina nyingine jirani inayotoa maua wakati huohuo.

Sasa hiyo gereji. Hapa msifanye haraka hata kidogo. Chukueni sampuli za udongo sehemu kadhaa za kiwanja, mpeleke maabara wapime madini ya risasi na mabaki ya mafuta. Habari njema ni kwamba miti ya matunda hupeleka risasi kidogo sana kwenye tunda ukilinganisha na mboga za majani, hatari kubwa zaidi ni vumbi linaloganda kwenye ganda na mikono ya watoto wanaochezea udongo kisha wanaipeleka mdomoni. Kwa hiyo hata majibu yakitoka mazuri funikeni udongo ulio wazi kwa nyasi au matandazo, na matunda yaoshwe.

SWALI: Msimu uliopita tulipeleka kreti 6 za matufaha kwenye kituo kimoja, wakachukua 2 tu, 4 wakaturudishia. Tuliumia jamani, watu walijitolea Jumamosi nzima. Na yale yaliyodondoka chini hatuwezi kuyapeleka? (Mama wa Bustani)

JIBU: Pole sana mama, kurudishiwa kitu ulichokitoa kwa moyo kunauma. Lakini hebu kumbuka kreti zilivyojazwa. Kama zilijaa mpaka juu, matufaha ya chini yalibebeshwa uzito wote, na kikonyo kimoja chenye ncha kinatosha kumtoboa jirani yake. Hapo kuoza kunaanza, na tunda lililojeruhiwa linatoa gesi inayoharakisha wenzake kuiva. Anayepokea akiingiza mkono chini akagusa unyevunyevu, hana mtu wa kukaa kuchambua kreti nzima. Jazeni tabaka mbili au tatu tu, chumeni asubuhi kabla ya jua kali, wekeni kivulini, na mpige simu siku moja kabla.

Yaliyodondoka msiyapeleke. Ardhini kuna kinyesi cha ndege na wanyama, na tunda lililopasuka linaingiza vijidudu. Tufaha lenye ukungu linaweza kuwa na sumu iitwayo patulini, na moto wa kupikia jamu hauiondoi yote, kwa hiyo hilo ni la kwenye mboji.

SWALI: Sisi tunaomwagilia na kupogolea hatustahili hata kikapu? (Mjitoleaji)

JIBU: Mnastahili, ndugu yangu, na kusema hivyo si uchoyo. Kule Toronto, Kanada, kuna kikundi kinaitwa Not Far From the Tree, tangu 2008 wanachuma miti ya majumbani na kugawa mara tatu, theluthi kwa mwenye mti, theluthi kwa wachumaji, theluthi kwa mashirika ya chakula. Seattle, Marekani, kwenye bustani ya jamii iitwayo Beacon Food Forest, yeyote anaruhusiwa kuingia na kuchuma. Njia zote mbili ni nzuri ilimradi mmekubaliana kabla tunda la kwanza halijaiva, mkaandika kwenye karatasi. Na kwenye karatasi hiyohiyo andikeni majina ya watakaomwagilia kiangazi wengine wakiwa wamesafiri, maana miche michanga inahitaji maji kwa miaka 2 au 3 ya mwanzo na wiki chache za kusahauliwa zinatosha kuiua.