Mnaoanza kuweka ramani za miinuko kwenye seva, anzeni na mafaili yenu

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii ya ramani za mtandaoni, kuna kitu kilinitesa karibu miezi miwili na sitaki kiwatese na nyie. Nilipewa data ya miinuko ya eneo la digrii 10 kwa 10, mafaili 100, nikayaunganisha yote yakawa faili moja kubwa la GeoTIFF (picha iliyobeba na taarifa za mahali ilipo duniani), nikaliweka kwenye GeoServer (programu ya kutoa ramani mtandaoni), nikafungua ramani nikakaa kusubiri. Inazunguka tu. Nikaomba RAM iongezwe, ikaongezwa, ikabaki vilevile, nikaomba prosesa yenye nguvu zaidi, nikapewa, ikabaki vilevile. Nikaanza kuilaumu programu ya seva nikahamia MapServer, nako hadithi ikawa ileile. Muda wote huo tatizo lilikuwa ndani ya faili nililolitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na sikuwahi hata kuliangalia limepangwaje.

Basi tuanze na data yenyewe maana wengi mnaipakua bila kuijua. Data ya SRTM (mradi wa NASA wa kupima miinuko ya dunia) ilipimwa kwa rada kutoka kwenye chombo cha anga za juu Endeavour, Februari 2000, safari ya siku 11 tu, na inaanzia latitudo 60 kaskazini hadi 56 kusini. Kila faili ni digrii moja kwa digrii moja, na kwa ile ya sekunde 1 (digrii moja imegawanywa mara 3600, yaani kama mita 30 pale ikweta) utakuta pikseli 3601 kwa 3601. Ile moja ya ziada ni kwamba mafaili jirani yanashirikiana mstari wa ukingoni, kumbukeni hilo mtakapokuwa mnayaunganisha. Kila pikseli ni namba kamili ya biti 16, kwahiyo faili moja ni kama MB 26, sio kitu cha kutisha. Lakini 10 kwa 10 yakiunganishwa unapata picha yenye upana wa pikseli 36001 na urefu huohuo, GB 2.6, na hapo ndo mambo yanabadilika kabisa.

Kwanini? GeoTIFF ya kawaida, usipoiambia chochote, inaandikwa kwa mistari, kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa, mstari baada ya mstari. Sasa brauza ya mtumiaji inaomba kigae kimoja (kipande cha mraba cha ramani) cha pikseli 256 kwa 256, data inayohitajika kwa kigae hicho ni kama KB 131 tu, ila seva haichomoi katikati ya mstari, inabidi ivute mistari mizima 256, na kila mstari ni KB 72, jumla MB 18 na ushee. Yaani imesoma mara 140 ya ilichohitaji, halafu inatupa karibu yote. Na mtumiaji mmoja mwenye skrini ya kawaida ya kompyuta anaomba vigae kama 40 kwa mpigo! Pigeni hesabu wenyewe mkiweka watu 20. RAM ya kiasi gani itaokoa hapo?

Dawa yake ni kulipanga faili kwa viboksi, TILED=YES, na viboksi vya 256 au 512. Mimi sa hivi natumia 512. Kama GDAL yenu (zile zana za bure za kuchakata data ya ramani) ni toleo la 3.1 kupanda basi andikeni moja kwa moja kwa fomati ya COG (GeoTIFF iliyopangwa kwa ajili ya kusomwa mtandaoni), inapanga viboksi na kutengeneza piramidi, nitakayoieleza hapo chini, yenyewe bila wewe kukumbuka swichi kumi. Na kabla hujaweka faili lolote kwenye seva fungua gdalinfo, tafuta neno Block. Ukiona Block=36001x1 simama hapohapo usiendelee, ukiona 512x512 endelea. Ni sekunde mbili tu za kuangalia, na ningeziangalia siku ya kwanza ningeokoa miezi miwili.

Piramidi sasa. Mtu akifungua ramani mara ya kwanza anaona eneo zima, si ndio, na dirisha lake lina upana wa pikseli mfano 1000. Bila piramidi seva inasoma zile GB 2.6 zote ili ichore kipicha cha pikseli 1000. Kila mtu, kila anapofungua. Piramidi ni nakala ndogondogo za picha ileile, nusu, robo, thumni na kuendelea, zimeshakokotolewa na kuhifadhiwa, seva inachagua iliyo karibu na kinachoombwa. Watu wanaogopa kwamba diski itajaa lakini hesabu yake ni robo ukijumlisha moja ya kumi na sita na kuendelea, haifiki zaidi ya theluthi moja ya faili la mwanzo. Theluthi moja ya diski kwa ramani inayofunguka papo hapo, mi naona ni bei ndogo sana. Kamandi ni gdaladdo, na kwa miinuko tumieni -r average au bilinear, msiache ile ya kawaida ya nearest maana inaokota pikseli moja na kuziacha jirani zake, milima ikitazamwa kutoka mbali inakuwa na chengachenga.

Ila average ina mtego wake na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. SRTM ina sehemu ambazo rada haikupata kitu na zimeandikwa -32768. Faili lako lisipotangaza kwamba namba hiyo maana yake hakuna data, kompyuta itaichukulia kama mwinuko halali. Chukua pikseli nne, tatu zina mita 12 na moja ina -32768, wastani wake ni -8183, hivyo kwenye ufukwe tambarare kabisa unapata shimo lenye kina cha kilomita 8. Nilishawahi kukabidhi ramani yenye mashimo hayo. Aliyeipokea aliniuliza kwa upole tu kama eneo hilo lina machimbo, na ile aibu sijaisahau hadi leo. Tangaza nodata KABLA ya kutengeneza piramidi, ukitangaza baadae inabidi uifute yote uitengeneze upya maana uchafu umeshaingia kwenye zile nakala ndogo.

Kubana data nako msiogope, kubana vizuri mara nyingi kunaongeza kasi kwasababu diski ndo inayochelewesha, prosesa ina nafasi ya kufungua. Tumia DEFLATE au ZSTD, njia za kubana zisizopoteza kitu, na usisahau PREDICTOR, 2 kwa namba kamili na 3 kwa namba za desimali kama zile za Copernicus DEM (data nyingine ya miinuko) ambayo ni ya biti 32. Prediktori inahifadhi tofauti kati ya pikseli na jirani yake badala ya namba nzima, na ardhi kwa asili yake hairukiruki, jirani wa mita 1204 ni 1205 au 1203, kwahiyo tofauti ni vinamba vidogo vinavyobanika vizuri sana. JPEG isahau kabisa kwa miinuko. Kawaida yake ni biti 8, ngazi 256, na Everest ina mita 8849, sasa utaziweka wapi, tena juu ya hapo inapoteza taarifa.

Wengine mtaniuliza kwani lazima kuunganisha. Hapana, na kwa data ya dunia nzima wala msijaribu, acheni mafaili yabaki mengi halafu jengeni faharasa juu yake, iwe VRT (faili dogo la GDAL linaloorodhesha mafaili mengine), iwe gdaltindex kwa MapServer, iwe ImageMosaic kwa GeoServer. Mtumiaji akiwa amezumu karibu inafunguliwa faili moja au mbili tu na inakuwa chapuchapu. Tatizo ni akiwa mbali, hapo seva inataka kufungua mafaili elfu kadhaa kwa picha moja, na hata kama kila moja lina piramidi yake, kule kufungua tu kunamaliza muda na wakati mwingine mfumo unagoma kabisa kwa mafaili kuwa wazi mengi kupita kiasi. Nilichozoea ni kutengeneza faili moja la pembeni lenye ubora mdogo, mfano pikseli ya kilomita moja, ramani ya mbali inachorwa kutoka hapo, na mafaili halisi yanaanza kutumika mtu anaposogea. Kwenye MapServer unagawa kwa MINSCALEDENOM na MAXSCALEDENOM, leya mbili, mtumiaji hajui hata kama kuna mabadiliko.

Projeksheni, yaani namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa, kwa ufupi. Data inakuja kwa latitudo na longitudo na ramani za brauza nyingi ni Web Mercator, kwahiyo kila ombi seva inageuza. Kama asilimia kubwa ya maombi ni ya Mercator igeuze mara moja kwa gdalwarp na -r bilinear au cubic, uihifadhi hivyo, na ya asili uiweke pembeni kwa ajili ya wanaotaka vipimo. Kivuli cha milima nacho kitengenezwe mapema, mara moja, kwenye eneo zima. Ukikitengeneza kigae kwa kigae bila kuchukua pikseli za jirani, kila ukingo unaacha mstari na ramani inaonekana kama shuka lililoshonwa vipandevipande. Ukitumia gdaldem (zana ya GDAL ya kutengeneza kivuli) ya toleo la kabla ya 3.11 kwenye data ya digrii weka -s 111120, la sivyo mteremko unahesabiwa mita kwa digrii na kivuli kinatoka kimevurugika.

Halafu kuna kashe ya vigae, yaani hifadhi ya vigae vilivyokwishachorwa, GeoWebCache au MapProxy, na hapa watu wanajichosha bure kwa kujaza ngazi zote mapema. Ngazi ya zumu 12 ina vigae milioni 16.8 kwa dunia nzima, ya 13 milioni 67, ya 14 milioni 268. Lakini pale ikweta pikseli ya ngazi ya 12 ni mita 38 na ya 13 ni mita 19, na data yako ni ya mita 30! Kuanzia 14 unahifadhi ukungu. Ishia 12 au 13, kuzidi hapo brauza yenyewe itanyoosha picha. Na katika hizo jaza mapema ngazi chache za mwanzo, zile za ramani ya mbali zinazoombwa na kila mtu, nyingine zijijaze zenyewe watu wanavyotembelea.

Kama mnatoa vigae vya 3D vile ambavyo mwinuko unafichwa kwenye rangi za PNG, fomula ya Mapbox ni -10000 + (R×65536 + G×256 + B)×0.1 (R ni nyekundu, G kijani, B bluu), maana yake kijani ikisogea namba moja tu ardhi inapanda mita 25.6, na nyekundu ikisogea moja ni mita 6553.6. Kwahiyo usibane kwa njia inayopoteza hata chembe, na usipunguze ukubwa wa picha hizo kwa wastani wa rangi, punguza miinuko kwanza halafu ndo uifiche kwenye rangi.

Mwisho ni kupima. Nilikuwa najaribu ramani sehemu ileile kila mara, nikaona mara ya pili inafunguka upesi nikajipongeza, kumbe mfumo wa kompyuta ulishaweka data ile kwenye kumbukumbu na diski haikuguswa kabisa. Jaribu sehemu ambayo hujaigusa, tuma maombi 40 kwa pamoja kama brauza inavyofanya, zima kashe ya vigae kwanza ili uone kasi halisi ya mafaili, halafu iwashe. Na siku ukibadilisha data futa vigae vya zamani vya eneo hilo, kuna jamaa mmoja tulimtafutia kosa kwenye data mpya siku nzima wakati kilichokuwa kinaonekana kwenye skrini ni vigae vya mwezi uliopita.