Ukienda shorumu kuliona gari la umeme, anzia kwenye tundu la chaji

SWALI: Wahariri, salamu. Jumamosi nakwenda Kampala kuliona gari jipya la umeme ambalo hadi sasa nimeliona kwa picha tu. Lingekuwa la petroli ningejua pa kutazama: moshi, oili, mlio wa injini. Hili nitalikagua vipi? Nyumbani nina Yaka, umeme wa kulipia kabla, wa fezi moja. (Mwalimu, Mukono)

JIBU: Mwalimu, skrini iache iwe ya mwisho. Mwombe muuzaji afungue kifuniko cha tundu la chaji, uchungulie ndani. Ukiona pini saba ndani ya duara lililokatwa juu, na mbili nene chini yake, huo ni mfumo wa Ulaya, CCS2. Ukikuta matundu mawili ya duara yaliyotengana, moja la chaji ya polepole na jingine la chaji ya haraka, yaelekea gari lilitengenezewa soko la ndani la China, mfumo wa GB/T. Gari si baya kwa hilo, ila kebo ya mfumo mmoja haiingii kwenye mwingine, na menyu zake mara nyingi ni za Kichina. Uliza vituo vya njia unazopita vina kebo ipi. Ukiahidiwa adapta, ichomekwe hapo hapo na gari lianze kuchaji ukiona.

Halafu chukua namba mbili bila kuzichanganya: ukubwa wa betri kwa kilowati-saa, na uwezo wa chaja iliyo ndani ya gari kwa kilowati. Tuseme betri ni ya 60. Kuitoa asilimia 20 hadi 80 ni kilowati-saa 36, lakini kiasi fulani hupotea kama joto, hivyo Yaka itakata takriban yuniti 40. Kwa soketi ya kawaida inayovutwa ampia 10, hizo ni saa 17 hivi. Kwa chaja ya ukutani ya kilowati 7, ni karibu saa 6.

Wengi hukwama nyumbani, na gari halina kosa. Unachomeka, taa nyekundu inawaka, chaji haiingii. Mara nyingi tatizo ni ethi: fimbo iliyopaswa kuzikwa ardhini haipo, au kiungo chake kimeliwa na kutu. Friji na televisheni zitafanya kazi tu, lakini chaja hupima ethi kwanza, na ikiikosa hukataa. Akija fundi wa kukuunganishia ethi na nyutro ndani ya soketi ili taa igeuke kijani, mkatalie kabisa. Siku nyutro ikikatika, bodi nzima ya gari inaweza kuwa na umeme, na mtoto akaushika mlango akiwa peku kwenye tope. Tafuta fundi mwenye leseni apime ethi, kisha kwa chaja ya ukutani avute waya wake peke yake, angalau wa milimita 6 za mraba, wenye breka yake.

Ukitumia soketi, gusa plagi baada ya nusu saa. Vuguvugu si neno. Ikikuchoma kidole, chomoa. Pasi huvuta umeme dakika chache, gari huvuta usiku kucha, na soketi iliyolegea huyeyuka hivyo hivyo. Ekstensheni usiiguse.

Nenda pia na futi ya kupimia na tochi. Piga magoti, pima kutoka sakafuni hadi chini ya betri, kisha wapande watu wanne upime tena. Ikibaki chini ya sentimita 15, sisi tusingelinunua kwa matuta na murram zetu. Gari la petroli likikwaruza, pengine utabadili bomba la moshi. Hapa kilicho tumboni ni kifaa ghali kuliko vyote. Uliza bamba la kinga ni la chuma au plastiki. Dhamana ya betri kwa kampuni nyingi ni miaka 8 au kilomita 160,000, na huangalia uwezo kushuka chini ya asilimia 70, si betri iliyopigwa na jiwe. Isome karatasi yenyewe uhakikishe inakubalika Uganda.

SWALI: Kibao kinasema kilomita 510. Nitatoka Kampala nifike Mbarara bila kuchaji? (Mfanyabiashara, Mbarara)

JIBU: Tazama herufi zilizo kando ya namba. Ikiwa ni CLTC, kipimo cha China, ondoa theluthi moja. Ikiwa ni WLTP ya Ulaya, ondoa humusi. Kwa hiyo 510 ya CLTC tunaihesabu 340, na safari yako ni kama kilomita 270. Kwa mwendo wa 80 utafika. Ukishikilia 110 na mzigo, usiitegemee. Jua mapema utachaji wapi upande wa Masaka. Kwenye majaribio, washa kiyoyozi, panda kilima cha Kololo au Naguru, kisha shuka uone gari linavyorudisha umeme kwenye betri. Betri ikiwa imejaa kabisa, umeme huo hauna pa kwenda na gari halitajizuia sana lenyewe. Hiyo si hitilafu.

SWALI: Muuzaji anasema ni jipya, mimi naona limekaa sana. Nitajuaje? (Mama, Entebbe)

JIBU: Mama, soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2324 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Gari lililokaa sana, betri ndogo ya volti 12 ndiyo hufa kwanza, na ikifa gari haliwaki hata kama betri kubwa ina chaji. Waipime mbele yako. Betri kubwa uliza ilihifadhiwa na asilimia ngapi. Karibu na nusu ndiyo salama. Kisha inua zulia la buti. Magari mengi ya umeme hayana spea, yana pampu na chupa ya gundi tu, na gundi haizibi tairi lililochanika ubavuni. Spea na jeki viingie kwenye bei kabla hujatia saini.