Kiingereza cha kuzungumza: yatoe maneno kwenye siku yako

Kijana aliyemaliza kidato cha nne Unguja au Pemba huwa na Kiingereza kingi kuliko anavyojidhania. Sayansi kaisoma kwa Kiingereza, hesabu kadhalika; "photosynthesis" na "evaporation" anazitamka bila kusita. Lakini mgeni akimuuliza pale Jambiani kwa nini bahari imekwenda mbali vile na itarudi saa ngapi, hubabaika. Hana "tide", hana "come back in", na mwani unaolimwa mbele ya macho yake hajui unaitwaje. Skuli imempa maneno ya mtihani. Ya kuzungumza inambidi ayatafute mwenyewe, na mengi yamo humo humo katika siku yake.

Wingi wake usikutishe. Mwaka 1953 mwalimu wa Kiingereza Michael West alitoa orodha ya maneno ya msingi ya Kiingereza yapatayo 2,000, na maneno kiasi hicho, ukihesabu kila neno pamoja na yale yanayozaliwa nalo, hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya kawaida. Ukijifunza matano kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mwaka unapita 1,500. Tunashauri usizidishe hayo matano. Anayejaza ukurasa mzima usiku mmoja huamka na mawili matatu, na baada ya wiki daftari huwekwa juu ya kabati likabaki huko.

Kujua uanze na yapi, chukua simu na ujirekodi dakika moja ukieleza kwa Kiingereza ulichofanya leo. Usisimame. Neno likikukosa, litie kwa Kiswahili uendelee. Kisha sikiliza: kila pahala Kiswahili kilipoingia ni pengo, na mapengo hayo ndiyo maneno yako ya kesho. Muuza duka wa Darajani atakosa "change" ya kurudisha pesa na "we've run out" ya bidhaa iliyomalizika. Mama aliyepika mchana atakosa "grate the coconut", "squeeze" na "strain". Mchumaji wa Pemba hukosa karibu kazi yote ya karafuu, nayo ingemtosha sentensi moja: "We pick the cloves, take the buds off the stems, and spread them in the sun to dry." Humo mna kuchuma, kuchambua makonyo na kuanika, kwa maneno mepesi ambayo atayatumia pia kwa nguo, samaki na mpunga.

Angalia kwamba tumeandika sentensi. Neno lililoandikwa peke yake, na maana yake pembeni, halijui likae na nani. Mtu akihifadhi "tide" tupu, siku ya kulitumia atasema "the tide is finished". Akihifadhi "the tide is going out" na "the tide is coming in", maji kupwa na maji kujaa yamekwisha kazi. Anayetembeza wageni aongeze "spring tide" kwa bamvua, na sentensi hii inayookoa safari nyingi: "Tomorrow it'll be about fifty minutes later," kwa kuwa maji husogea kiasi hicho kila siku. Saa nazo zinataka uangalifu. Saa mbili asubuhi yetu ni "eight o'clock" yao, na ukimwambia mgeni "two o'clock" kwa safari ya Kizimkazi, chombo kitaondoka bila yeye. Izoee tofauti ya saa sita kwa kuitamka kila unapotazama saa, hadi usihitaji tena kuhesabu.

Kosa jingine ni kujifunza kwa pamoja maneno yanayofanana au yanayopingana: "left" na "right", "borrow" na "lend", "teach" na "learn". Yakiingia kichwani siku moja huchanganyika, na mtu hubaki miaka akijiuliza lipi ni lipi. "Lend" na "borrow" ni tabu zaidi kwetu kwa sababu kuazima kunabeba yote mawili. Shika "Can you lend me your charger?" wiki hii, liseme hadi lizoeleke, kisha baada ya wiki mbili lete "Can I borrow your charger?"

Kadi hushinda daftari. Kata karatasi ngumu vipande vidogo, upande mmoja andika maana kwa Kiswahili, wa pili sentensi ya Kiingereza, na upige mstari chini ya silabi inayotamkwa kwa nguvu. Soma upande wa Kiswahili kwanza, useme Kiingereza kwa sauti, ndipo ugeuze. Wengi hufanya kinyume, na hujenga uwezo wa kuelewa tu. Wakitaka kusema wenyewe, neno haliji. Panga bahasha tatu kwa utaratibu wa mwandishi Sebastian Leitner: ya kwanza unaipitia kila siku, ya pili kila siku ya tatu, ya tatu mara moja kwa wiki. Kadi uliyoipatia hupanda bahasha moja, uliyoikosea hurudi ya kwanza hata kama ilikuwa imefika ya mwisho. Kazi yote hii ni robo saa. Usahaulifu huwa mkali zaidi katika siku ya kwanza, kwa hiyo kupitia kesho yake ndiyo hatua isiyofaa kurukwa.

Kwa matamshi, Mzanzibari ana bahati ambayo wanafunzi wengi wa nchi nyingine hawana. Sauti ya "think" ndiyo ile ya thamani, ya "this" ndiyo ya dhahabu. Zitumie zilivyo na usiseme "sink" wala "zis". Tabu yetu iko kwenye irabu. Sisi tuna tano, Kiingereza kina nyingi zaidi, ndiyo maana "hat", "hut" na "heart" hutoka vinywani mwetu kwa sauti moja. Lenye madhara zaidi ni "live" na "leave": unamwambia mtu unaishi Wete, yeye anasikia unaondoka Wete. Fupisha irabu ya "live", vuta ya "leave". Mwisho wa "bus" na "fish" usiongeze irabu.

Kiswahili chetu pia hutusukuma pasipo. Tunasikia njaa, tunasikia harufu, lakini kwa Kiingereza ni "I'm hungry" na "I can smell something". Tunapanda mti na tunapanda daladala, wao "climb" mti na "get on" daladala. Redio hufunguliwa kwetu. Kwao ni "turn on". Mpunga, mchele na wali vyote ni "rice", hapo tumepata nafuu. "Luggage" na "information" hazitiwi "s".

Adabu inataka maneno yake. "I want tea" ni sahihi kisarufi, lakini kwa sikio la Mwingereza ni ukali. Hifadhi "Could I have...", "I'd like..." na "Would you mind...", zifanye kazi ya naomba na tafadhali. Ukimkuta mtu kajikwaa, "sorry" inaweza kumfanya afikiri wewe ndiye uliyemsukuma, muulize "Are you all right?" Na salamu zao ni fupi. Kuulizia watoto, ndoa na kazi kwa mtu uliyekutana naye sasa hivi, jambo ambalo kwetu ni ungwana, wengi wao huliona uchunguzi. Anza na safari, hali ya hewa, chakula.

Usisubiri mgeni ili uzungumze. Konde au Mkoani unaweza kukaa siku nyingi usimwone. Tafuta mwenzio mmoja, kaeni barazani baada ya alasiri, mmoja aeleze jambo moja kwa dakika nne, aeleze lile lile kwa tatu, kisha kwa mbili. Mara ya kwanza utakwama; ya tatu maneno yatatoka kwa mfululizo, kwa sababu fikra haitafuti tena la kusema. Mwenzio asikatize kusahihisha. Aandike makosa mawili tu, akuambie ukimaliza. Wakisahihishwa kila neno, wanafunzi wengi hunyamaza, na ukimya hauongezi msamiati.

Kutakuwa na kadi isiyokubali kukaa. Ikikosewa mara nne, sentensi yake ndiyo mbovu: iandike upya ikiwa na jina la mtu unayemjua au mahali unapopita kila siku. Ikikataa na hapo, itupe. Neno usilopata pa kulitumia mwezi mzima halikuwa lako kwa sasa, na nafasi yake inangojewa na pengo jipya kutoka kwenye rekodi ya jana.