Ukuta sijabomoa, nimeurudisha ndani mita moja na nusu

Mkuu, umeuliza kama ukuta wa futi nane kwenye kiwanja chako cha Moshono, Arusha, utakufanya usijuane na majirani. Nimeishi na ukuta na nimeishi bila ukuta, ngoja nikupe ya kwangu.

Nimekulia Majengo, Moshi, nyumba ya vyumba sita, korido katikati, bomba moja uani. Tulijuana wote, ila si kwa sababu ya ukarimu. Huwezi kuchota ndoo bila kukutana na mpangaji wa chumba cha tatu na ugomvi wake wa jana. Mbele kulikuwa na kibaraza cha saruji. Ukipita bila kuamkia wazee, taarifa inafika nyumbani kabla yako. (Umbea nao ulikuwepo wa kujaza gunia, nisidanganye.)

Kwa babu, Kibosho, mpaka wa kihamba (shamba la migomba la nyumbani) ni masale tu, mmea wa majani marefu. Ndilo jani lile lile Wachagga tunapeleka kuomba msamaha. Jirani akiwa anapogoa migomba yake, mnaongea hapo hapo juu ya mpaka.

Nilipojenga Arusha nikafanya kama wote: ukuta, chupa juu, geti la bati zito. Miaka mitatu sikujua jina la jirani wa kushoto, nilijua mlio wa gari lake. Alipofiwa na mama yake niligundua kwa kuona turubai. Nikaenda msibani, na aliyenitambulisha kwake ni fundi bomba wetu. Ile aibu sijaisahau.

Masika yakainamisha kipande cha ukuta kando ya geti. Wakati wa kujenga upya nikamwambia fundi akirudishe ndani mita moja na nusu, kipande cha mita nne kufuata ukuta. Tofali zilizobaki tukajengea benchi kwenye nafasi iliyopatikana nje, chini ya mjakaranda, likapigwa plasta. Mke wangu akasema nafuga kijiwe. Hakukosea: mwezi wa kwanza walikaa bodaboda peke yao, muziki juu, hadi tukaongea.

Kilichobadilisha mambo ni mama wa maparachichi, alipoanza kuweka beseni lake pale saa kumi jioni. Watu hawatoki ndani ili wakae na jirani, mkuu. Wanatoka kununua parachichi la chai ya jioni, chenji hakuna, mtoto anatumwa kuitafuta, na wakati wa kusubiri ndipo mtu anakaa. Jirani wa kushoto tulianzia hapo, kwenye elfu tano isiyo na chenji.

Na angalia barabara. Donald Appleyard, mtaalamu wa usanifu wa miji, alichunguza mitaa ya San Francisco, Marekani, akakuta wakazi wa mtaa wenye magari machache wana marafiki mtaani kama mara tatu ya wale wa mtaa wenye magari mengi. Kwetu lami ilipofika watoto walirudi ndani wote. Tuliomba serikali ya mtaa itusaidie kupata matuta mawili, tukazungushwa karibu mwaka, yakaja, na mpira wa makaratasi nao ukarudi.

Kwa hiyo jenga ukuta, ila geti liwe la nondo nusu ya juu, mtu aonekane akiita hodi. Benchi libaki ndani ya bikoni zako (alama za mpaka wa kiwanja); likiingia hifadhi ya barabara, eneo lililotengewa barabara, utavunjiwa.

Chupa zangu bado ziko juu ya ukuta. Mke hajakubali zing'olewe.